Waliniambia mimi ndiye wa kwanza kulalamika

Mhariri,

Juma lililopita gazeti lako lilitoa makala kuhusu wafanyabiashara wadogo wa Pwani na biashara za mtandaoni. Mwandishi alisema tunachelewa kwa kuwa tunaiogopa teknolojia. Niliisoma nikiwa dukani, Biashara Street, namngojea mteja wa korja mbili aliyekwenda kuswali adhuhuri, na aliporudi alinikuta bado sijamfungia mzigo wake.

Mimi ni miongoni mwa hao wanaosemwa. Nauza leso, vikoi na kaniki katika duka alilolianzisha baba yangu. Tangu 2021 hesabu zangu zote zimo ndani ya programu ya kampuni moja ya Nairobi. Nailipia kila mwezi, na siku za mwanzo niliipenda hata nikawa nawaonyesha wageni nyumbani. Mtu kaja kunywa kahawa, mimi namfungulia tableti. Woga haukuwa wangu. Niliiamini mno, mpaka ikanifanya nimwite mwizi mtoto wa mwenzangu.

Naomba nieleze taratibu, maana jambo hili likisemwa kwa haraka huwa umbea.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kuvutavuta. Watu wa Mombasa si wageni wa mambo haya, kwani nyaya hizo zinapita mlangoni kwetu. Juni 2009 Rais Kibaki alikuja Ngomeni kuupokea waya wa TEAMS uliotoka Fujairah. Nilikwenda kutazama, nikaona migongo ya watu na magari ya serikali, waya sikuuona. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali isipopaswa, ikaukata waya huohuo. Kwa hiyo waya ukikatika mimi sigombi na mtu. Bahari ni bahari.

Ilikuwa Mfunguo Pili, harusi zimepamba moto. Dukani nilikuwa na karani, kijana wa Mtongwe wa miaka ishirini na mitatu, ambaye ndiye aliyeshika tableti na droo ya pesa. Jumatatu, Jumanne na Jumatano mtandao ulikuwa ukija na kupotea. Akiuza, programu inazungusha kile kiduara chake, kisha inaandika kwamba mauzo yamehifadhiwa na yatatumwa mtandao ukirudi. Nikasema hapa ndipo penye ubora wa kitu hiki, hata waya ukikatika biashara haisimami.

Alhamisi jioni, mtandao umeshatulia, nikafunga hesabu. Programu ilisema tumeuza zaidi ya pesa zilizokuwepo. Nikajumlisha noti, nikajumlisha M-Pesa, nikarudia. Zilipungua shilingi 41,600.

Nilimuuliza. Akasema, "Mama, wallahi sikugusa hata shilingi." Nami nikamjibu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi inifunike. Nilimwambia, "Mashine haina mkono wala haina tumbo. Sasa nani kachukua?"

Sikutaka kumdhulumu, au ndivyo nilivyojidanganya, kwa hiyo nikaipigia kampuni. Alipokea dada mwenye sauti nzuri na adabu zake. Akaniomba nisubiri, akarudi, akasema mfumo wao uko sawa na kwamba hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Mimi ndiye wa kwanza. Akanishauri, kwa upole kabisa, nimwangalie anayeshika droo.

Tarehe 22 Mei, siku ya Jumatano, nikamkalisha karani na kumwambia nitamkata shilingi elfu kumi kila mwezi mpaka deni liishe. Mshahara wake ulikuwa elfu kumi na nane. Hakubisha tena. Mwisho wa mwezi akachukua elfu nane zake, na siku ya pili yake ufunguo wa duka ukaletwa na mtu wa bodaboda ndani ya bahasha. Nikasema, ndiyo hivyo, mwenye kosa hukimbia.

Ikaja Idi Kubwa ikapita. Mwishoni mwa Juni nikahesabu mzigo, kazi ambayo tangu ninunue programu nimekuwa nikiifanya kwa uvivu, maana tableti inaniambia kila kitu. Tukaanza juu ya rafu tukashuka. Rafu ya tatu doti zikazidi. Nikadhani msichana aliyekuwa akinisaidia kuhesabu kakosea, nikahesabu mwenyewe. Zikazidi zilezile. Tulipomaliza duka zima, nyuma ya pazia na robota ambazo hazijafunguliwa, zilikuwa doti 64 ambazo kwa mujibu wa programu zilikwisha kuuzwa. Doti hizo nilikuwa nikiziuza shilingi 650. Zidisha mwenyewe, Mhariri. Mimi nilizidisha kwa kalamu nyuma ya risiti, nikakaa chini kwenye jamvi, na msichana akaniuliza kama nimeshikwa na sukari.

Mwizi huondoka na pesa. Sijapata kumsikia mwizi anayeiba shilingi 41,600 kisha akarudisha rafuni leso za thamani hiyohiyo, zimekunjwa. Pesa hazikupotea popote, ila zile leso hazikuuzwa mara ya pili. Programu ilikuwa imeandika mauzo yaleyale mara mbili. Na kama ningehesabu mzigo wangu Alhamisi ile, kazi ya usiku mmoja, ningeliona hilo kabla ya kumtazama kijana usoni.

Nikapiga simu tena. Safari hii kwa bahati alipokea fundi, kijana aliyeonekana hajafundishwa bado mambo yasiyofaa kuambiwa wateja. Akanieleza vizuri sana, na nitamshukuru kwa hilo. Mtandao ukikatika, tableti huyaweka mauzo kwenye foleni. Ukirudi, huyatuma kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, kisha hungoja jibu kwamba yamefika. Jibu likipotea njiani, tableti hudhani hayakufika, huyatuma tena. Hapo seva ilipaswa kuitambua namba ya risiti na kusema hii ninayo. Haikuwa ikiitambua. Ikaandika mara ya pili kama mauzo mapya. Nikamuuliza wamelijua lini jambo hili. Akasema, bila wasiwasi wowote, "Hiyo tulishairekebisha, mama. Mei ileile."

Nimeutafuta ujumbe waliotutumia Mei. Ninao. Umeandikwa kwamba wameboresha kasi na uthabiti wa programu yetu. Basi. Hakuna neno kuhusu siku zile tatu, hakuna ushauri wa kukagua hesabu, na mauzo yaliyokwisha kuandikwa mara mbili yaliachwa hivyohivyo ndani ya vitabu vyetu. Nikaanza kuulizia. Muuza vifaa vya ujenzi wa Mwembe Tayari anatumia programu hiyo. Naye ilimpungukia, naye alipiga simu, naye aliambiwa ni wa kwanza. Mwenye duka la dawa Majengo vilevile. Watatu sisi, na kila mmoja wa kwanza.

Dadangu anaishi Leicester. Nilipomsimulia akaniuliza kama sijasikia habari za Posta ya Uingereza. Sikuwa nimesikia. Kule, kuanzia 1999, wasimamizi wa posta ndogondogo, wengi wao watu wenye duka la mtaa na dirisha la posta pembeni, walipewa programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotoka Fujitsu. Programu ikawa inaonyesha upungufu wa pesa usiokuwepo. Mkataba uliwataka wafidie, wakafidia kwa akiba zao na kwa kukopa kwa jamaa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, baadhi wakafungwa jela. Na walipokuwa wakipiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Dadangu alipofika hapo nikamwambia arudie.

Mmoja wao, Alan Bates, aliyenyang'anywa posta yake huko Wales mwaka 2003, akawakusanya wenzake hata wakafika Mahakama Kuu, na mwaka 2019 jaji akasema wazi kwamba programu ile ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu kama ule. Mei 2024 ikatiwa saini sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Na Mei hiyohiyo, kuanzia tarehe 22 mpaka 24, Paula Vennells, aliyekuwa mkuu wa Posta toka 2012 hadi 2019, alikaa siku tatu mbele ya tume ya uchunguzi. Alilia. Alisema alikuwa mwepesi mno wa kuamini.

Tarehe 22 Mei. Siku mama yule anaanza kuulizwa London, mimi nilikuwa Biashara Street namkata mshahara karani. Na utetezi wake ndio uleule niliokuwa nikijitetea nao kitandani. Niliamini. Nikaambiwa mfumo uko sawa, nikaamini. Lakini mtu aliye juu akiamini, gharama ya kuamini kwake hulipwa na aliye chini. Mimi nilikuwa mkuu wa duka lenye watu wawili, na hata huko kulitosha.

Baba yangu hakuwahi kugusa kompyuta. Nikiwa na miaka kama kumi na minne alipokea marobota ya leso kutoka India, leso nzuri, pindo jekundu, zikaisha kwa siku chache. Juma la pili akaja mteja wa Kuze na leso imechuja, wekundu wa pindo umeingia hadi kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya leso, na kanzu nyeupe ya mumewe iliyofuliwa nayo imekuwa ya waridi. Baba alimrudishia pesa yake. Hilo ni jambo la kawaida, kila muuzaji angelifanya. Kisha akafunga duka saa tano mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mvua ya masika, akachukua daftari, akanichukua na mimi nimbebee, tukatoka. Tulipita Kuze, Kibokoni, Bondeni, mpaka Makadara, nyumba kwa nyumba. Kila mahali anabisha hodi na kusema: leso uliyonunua kwangu juma lile inachuja, usiifue na nguo nyingine, na ukitaka pesa yako njoo uichukue. Wengine walikuwa hawajaifua hata mara moja. Wengine walikasirika kama kwamba yeye ndiye aliyeitia rangi. Nilimuuliza kwa nini asingoje waje wenyewe. Akasema, "Watakaokuja ni wenye ulimi. Wale wasio na ulimi watadhani wameharibu wenyewe."

Jina la leso ile silitaji, kuna watu waliipigia picha za harusi.

Nisije nikaonekana nasema wakubwa wa teknolojia wote ni wamoja. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, hata mwezi haujatimia tangu nihesabu mzigo wangu, kompyuta kama milioni 8.5 zilizima duniani, ndege zikakwama viwanjani, kwa sababu ya sasisho moja bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike. Mkuu wake, George Kurtz, katika ujumbe wake wa kwanza alisahau kuomba radhi, akasutwa, na siku hiyohiyo akaonekana kwenye runinga akisema wanasikitika sana na kwamba kasoro ilikuwa kwenye sasisho lao. Sisemi bwana yule ni walii. Ila Agosti kampuni ikachapisha maelezo ya kosa lilivyotokea, na mpwa wangu anayesomea kompyuta akanifasiria kwa lugha ya duka. Korja ni leso ishirini. Karatasi ya mzigo ikaandikwa ishirini na moja. Programu ikaingiza mkono ndani ya robota kuitafuta ya ishirini na moja, haipo, ikaanguka kifudifudi na kompyuta ikaanguka nayo. Kosa la kijinga, kosa ambalo hata mimi nimelifanya nikifunga mzigo wa Lamu. Wakaliandika wazi namna hiyo, na dunia nzima inawacheka. Nami nikajikuta nawaheshimu kidogo.

Oktoba ile kampuni yangu ya Nairobi ilitualika wateja wake wa Pwani hotelini Nyali. Chai, sambusa, begi la bure lenye nembo. Mkurugenzi mwenyewe alikuja, kijana mtanashati, akazungumza kwa saa nzima juu ya uongozi na uaminifu katika teknolojia, na kwa kweli alizungumza vizuri. Wakati wa maswali nikainua mkono. Nikauliza ni wateja wangapi waliandikiwa mauzo mara mbili kati ya tarehe 13 na 15 Mei, na kwa nini hatukuambiwa. Ukumbi ukawa kimya. Akatabasamu, akasema hizo ni changamoto za kampuni inayokua, na kwamba watu wake watanitafuta pembeni baada ya kikao, mama. Akachukua swali la mwingine. Nilisimama kwenye mlango wa ukumbi hadi wahudumu wakaanza kukunja vitambaa vya meza.

Nimeambiwa na mpwa wangu kwamba masharti ya programu yale, kurasa kumi na nne za Kiingereza kitupu nilizozikubali kwa kubonyeza kidude, yanasema kampuni haihusiki na hasara yoyote itokanayo na matumizi. Huenda kisheria hawana deni na mimi. Sidai fidia, doti zangu 64 nilikuwa nazo rafuni wakati wote na nimeziuza. Ninalolitaka ni dogo, na baba yangu alilifanya kwa miguu. Orodha wanayo. Kila aliyetuma mauzo mara mbili siku zile wanamjua kwa jina na kwa saa, maana seva imeandika. Wampigie. Asipige dada wa huduma kwa wateja, ambaye naye aliambiwa aseme alichoambiwa. Apige yule aliyesimama na kipaza sauti Nyali, aseme: tarehe hizi hesabu zako zilikosewa na sisi, kama kuna mtu ulimshuku, si yeye. Wako wenye maduka ambao mpaka leo hawajahesabu mzigo wao. Wako makarani ambao mpaka leo wanalipa.

Upande wangu, nilivuka feri kwenda Mtongwe mwezi wa Julai. Nilikwenda na ndugu yangu mmoja, maana sikuwa na uso wa kwenda peke yangu. Mama yake kijana alitukaribisha barazani, akatupa maji, hakutupa chai. Niliweka bahasha ya elfu kumi nilizomkata, na nyingine juu yake, nikaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Mama yule akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe umekuja, ahsante. Lakini mtaa mzima ulishasikia alifukuzwa Biashara Street kwa wizi, na hao hutawazungukia wote." Nikamwambia nitawazungukia. Nimekwenda kwa imamu wao na kwa watu wa duka la kona. Kazini hakurudi, wala sikumlazimisha. Sasa anauza viatu vya mitumba Kongowea na hesabu anaandika kwenye daftari.

Jina langu unalo, Mhariri, nakuomba usilichapishe. Ukilichapisha la kwangu, Mtongwe watajua karani ni nani, na ameshatajwa vya kutosha. Kampuni nayo sijaitaja, ila wakisoma watajijua. Wakiamua kupiga simu, wasianze na mimi. Waanze na yeye. Namba yake wanayo kwenye seva yao, ndiyo niliyomsajilia siku ya kwanza kama mshika mashine, na hajaibadilisha.

Ni mimi,
Muuza leso, Biashara Street,
Mombasa.